Mkono wa Kushoto wa Cherehani

Mkono wa kushoto ulikuwa wa mumewe. Hilo Nzisa angeliapia hata mbele ya hakimu. Wa kulia ndio uliomkausha mate, kwa maana haukuwa wa Owen, na yeyote mwenye mkono ule alikuwa ameketi bega kwa bega na Owen, karibu kiasi cha kuchanganya pumzi, ilhali Owen mwenyewe alikuwa amemwambia mkewe kwamba jioni zote hizi yuko kiwandani, anafanya ovataimu.

Hayo aliyasoma kwenye skrini ya kompyuta, sebuleni kwake Komarock, chai ikipoa ubavuni pake.

Nzisa alikuwa mtunza seva. Chini ya runinga yake palikaa kisanduku cheusi kilichonguruma mchana kutwa, na ndani ya kisanduku hicho vijana wa Eastlands walikuwa wakiuana kwa furaha. Ulikuwa mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi, timu kwa timu, katika vichochoro na nyumba za kuchorwa. Waliipenda seva yake kwa sababu ilikuwa hapa hapa mtaani. Ukibonyeza, risasi inatoka papo hapo, tofauti na zile seva za ng'ambo ambako unakufa kwanza ndipo unamwona aliyekuua. Waliipenda zaidi kwa sababu haikuwa na wezi. Kwingine kulijaa watu wenye programu za kuwalengea shabaha na kuwaonyesha adui nyuma ya ukuta. Kwa Nzisa, mwizi wa aina hiyo hakumaliza wiki.

Aliyewanasa ni Askari. Ndivyo alivyoiita programu aliyoiandika mwenyewe, na kwa kweli alikuwa ameiumba kwa mfano wake. Nzisa ni mtu ambaye ukimsifu atakuuliza unataka nini. Maziwa hayaamini mpaka ayachemshe mwenyewe. Mchungaji akisema "hatimaye", yeye hutazama saa. Askari naye hakujali nani anashinda wala nani ana jina. Aliangalia mikono tu. Mchezaji hutembea kwa mkono wa kushoto, kwenye vitufe, na kulenga kwa mkono wa kulia, kwenye kipanya. Mikono ya mtu mmoja hujuana. Kabla wa kulia haujafyatua, wa kushoto husita kidogo, hata mwenyewe asijue. Programu ya wizi haina adabu hiyo. Inafyatua bila kuuliza mkono wa pili. Askari akiona mikono isiyojuana, anamtumia Nzisa ujumbe kwenye simu.

Na wiki hiyo jina lililokuwa likija kwenye ujumbe lilikuwa moja: Cherehani.

Cherehani alikuwa ameibuka baada ya Krismasi, hana timu, hasemi na mtu. Humkimbii. Anatulia, anatulia, kisha ta! umelala. Nzisa mwenyewe alikuwa ameuawa naye mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbuka. Siku hiyo ya Ijumaa, Ryan, nahodha wa timu ya Komarock, alipiga simu akiwa amewaka moto.

"Niaje Nzisa. Huyo msee Cherehani bado yuko? Hizo risasi si za mtu, ni mashine inapiga. Wasee wanasema unamlinda."

"Mimi simlindi mtu."

"Basi mtoe. Ama sisi tutatoka."

Ndipo Nzisa akafungua kumbukumbu za mchezo wa Cherehani, akitarajia kuukuta mkono wa kulia wa programu. Haukuwa wa programu. Ulikuwa na kutetemeka kidogo mwanzoni, kisha ukanyooka, kama mikono ya watu. Akahamia wa kushoto, akairudisha kumbukumbu nyuma, akaitazama tena.

Cherehani, kila alipofika mlangoni, alichuchumaa mara mbili kabla ya kuingia, kama mtu anayebisha hodi. Dunia nzima ina mtu mmoja tu anayecheza hivyo. Walipokuwa wachumba, Nzisa alikuwa akimcheka Owen hadi machozi. "Unawabishia hodi maadui!" Owen akawa hawezi kuacha.

Na mikono haikujuana; basi Owen alikuwa akitembeza, na mwingine akilenga. Kibodi moja, viti viwili. Nzisa akatafuta Cherehani anaingilia wapi, na intaneti ikamjibu kijuujuu, mtaa tu: Fedha. Akamkumbuka Lorraine wa stoo, yule mfanyakazi mwenza wa Owen anayekaa Fedha, mwenye vidole virefu na kicheko cha kuvuta. Wivu ukampanda. Hakulia. Aliingia kwenye ubao wa seva, mahali ambapo kila mchezaji angeona, akaandika kwa herufi kubwa: CHEREHANI AMEFUNGIWA. MDANGANYIFU. Kisha akainywa ile chai baridi yote kwa mkupuo mmoja.

Owen alirudi jua likizama. Alikuwa na uso wa mtu anayetoka matangani. Akanawa, akaketi, akawa anaufinyanga ugali bila kuupeleka kinywani.

"Kazi ilikuwaje?" Nzisa akauliza.

"Kuchoka tu."

"Na Lorraine hajambo?"

Owen akainua macho. "Lorraine wa stoo? Yuko tu. Kwa nini?"

"Siwezi kumsalimia mtu?"

Owen akaisukuma sahani, akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena.

"Nzisa, ile seva yako..."

"Seva yangu imefanya nini?"

"Hapana. Hakuna kitu."

Nzisa akaihifadhi ile "hakuna kitu" moyoni kama mtu anayeweka kisu chini ya godoro. Mwanamume asiye na hatia angesema jina la aliyefungiwa, angeuliza sababu, angepandisha sauti. Huyu ameufyata ulimi, amejua kwamba ameonekana. Nzisa alilala akiutazama mgongo wa mumewe na kujiuliza ni mambo mangapi mengine ambayo mgongo huo umemgeuzia.

Jumamosi, Owen alipotoka akisema ovataimu, Nzisa alijifunga kitambaa kichwani akaenda Fedha. Hakwenda kwa Lorraine. Hakujua hata ploti yake, na hakutaka kupigana kwenye ngazi za watu. Alikwenda kwa mama mkwe. Mama Owen alikaa Fedha pia, na Nzisa alikuwa ameshakadiria kwamba siku atakapombana Owen, jibu lake litakuwa, "Nilikuwa kwa mama." Aende basi asikie kwanza kutoka kinywani mwa mama huyo kwamba Owen haonekani huko. Awe na shahidi.

Tatizo ni kwamba yeye na shahidi huyo hawakupikika chungu kimoja. Mama Owen alikuwa ameshona mashati katika kiwanda cha nguo tangu Owen yuko mgongoni, na sasa alikuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani, mwanamke aliyenyooka kama rula. Mwaka uliopita alipata kiharusi. Owen alisema amepona, na kweli alikuwa akitembea. Krismasi Nzisa alimpelekea kiondo, kiondo cha mkonge kilichosukwa na mama yake mzazi huko Ukambani, akampa kwa mikono miwili na goti limekunjwa kidogo, kama alivyofunzwa. Mama mkwe akakipokea kwa mkono mmoja. Mmoja! Huo mwingine ulibaki chini ya shali, hata kuusogeza hakuusogeza. Zawadi ya mama wa mtu inapokewa kwa mkono mmoja kama risiti ya duka. Tangu siku hiyo Nzisa hakukanyaga tena pale.

Alibisha. Mlango ukafunguka kiasi cha jicho.

"Ni nani? Ah, ni wewe." Mama Owen alitazama nyuma ya Nzisa, kana kwamba alitarajia mtu mwingine. "Owen yuko wapi?"

"Kazini, mama. Nilifikiri labda hupitia hapa jioni."

Jicho likamkagua. "Nani amekuambia hupitia hapa?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Unauliza kama polisi. Ingia basi, majirani wasikie nini."

Nzisa aliingia, na hatua ya pili ikamshinda. Pembeni mwa dirisha palikuwa na ile meza ya cherehani ya miguu, cherehani yenyewe imelazwa ndani, na juu yake kumewekwa kompyuta. Kipanya upande wa kulia. Kibodi imesogezwa mbali, kushoto kabisa. Mbele ya meza, viti viwili vimegusana. Na kile kiondo cha Krismasi kilining'inia kwenye msumari, ndani yake kumehifadhiwa vipaza sauti vya masikioni. Kwenye skrini yalikuwapo maneno yake mwenyewe, kwa herufi zake kubwa.

Alikishika kiti kimoja.

Mama Owen akadhani anashangaa kompyuta. Alisimama wima, shali begani, akajitetea kabla hajashtakiwa. "Usiniangalie hivyo. Ni Owen alileta. Huu mkono ulipokufa sikuweza kushona tena, nikawa nakaa tu kama gunia. Akasema nicheze, wa kulia usije ukalala pia. Nikaona ni kama kutia uzi kwa sindano. Unatulia, unangoja tundu lije." Akashusha sauti. "Lakini nilimwapisha asiseme kwa mtu. Kina mama wa kanisa wakisikia mwenyekiti wao hupiga watu risasi kila jioni, si watanifanyia maombi ya kutoa pepo? Na wewe pia nilikataa ujue. Nilijua utakuja kunihurumia."

"Owen ndiye mkono wa kushoto," Nzisa akasema, kama anaongea na ukuta.

"Ndiye. Ananitembeza kama ng'ombe mkaidi, lakini tunafika." Kisha uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu mzima aliyeaibishwa mbele ya watu. "Sasa jana wamenifungia. Soma hapo. Wameniita mdanganyifu. Nimekaa kiwandani maisha yangu yote, sijawahi kuchukua hata kifungo cha shati. Nimemuuliza Owen nani amefanya hivi, ananiambia hajui, halafu anaangalia chini." Akamgeukia Nzisa. "Wewe unaelewa mambo ya kompyuta. Ni nani huyu?"

Nzisa alikuwa na mlango nyuma yake. Alikuwa pia na uongo mzuri tayari ulimini: mama, ni mitambo tu, hukosea. Moyo wake ulikuwa umejaa vitu visivyopatana. Furaha kwamba hapakuwa na Lorraine, mpaka alitaka kucheka. Aibu iliyomchoma masikio. Hasira kwa Owen bado ilikuwapo, maana uongo ni uongo hata ukiwa wa mama, na Owen angeujibia jioni. Lakini alimwona pia Owen wa jana mezani, akifungua kinywa na kukifunga, katikati ya mama aliyemwapisha na mke asiyesamehe wezi, akichagua kufinyanga ugali.

"Ni mimi, mama," akasema. "Seva ni yangu. Mimi ndiye niliyekufungia."

Mama Owen alimtazama kwa jicho lile lile la mlangoni.

"Ulishuku nini?"

"Kwamba mikono haijuani."

"Ah."

Alivua shali. Nzisa alikuwa hajawahi kumwona bila shali tangu ugonjwa ule. Mama Owen akaushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, akaunyanyua kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala, akauweka juu ya meza ya cherehani. Vidole vilikuwa vimejikunja. Kimoja kilikuwa bado na alama ya zamani ya sindano.

"Kagua," akasema. "Si mnataka ushahidi?"

Nzisa aliuangalia ule mkono, na kiondo msumarini, na ile Krismasi yote ikamrudia kwa sura nyingine. Alipiga goti kidogo, akaupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa na ubaridi. Aliushika mpaka ukapata joto, na machozi aliyoyazuia tangu jana yakatoka bila kumwomba ruhusa.

"Basi, basi," mama mkwe akasema mwishowe, akitazama pembeni. "Sitaki hiyo. Unaweza kunifungulia?"

Nzisa alitoa simu. Sheria aliiandika yeye: jina moja, mtu mmoja. Alimfikiria Ryan na vijana wake, na jinsi watakavyosema kwamba walijua anamlinda. Watakuwa hawajakosea. Kidole kilisita juu ya kitufe, kisha kikabonyeza. Alifuta neno lile kubwa kwenye ubao, na mahali pake hakuandika kitu. Hakujua bado aandike nini.

"Owen amechelewa, labda anaogopa nimuulize tena," Mama Owen akasema. Alikuwa ameshaketi, kipanya mkononi. "Kaa hapo. Na tafadhali, ukifika mlangoni uingie. Huyo mume wako ana wazimu wa kuchuchumaa, mpaka tukiingia wameshatuona."

Nzisa alicheka na kamasi. Akaketi kwenye kiti cha kushoto, bega likagusa bega, akaweka vidole kwenye vitufe. Walitoka uani, wakapita kichochoro cha kwanza, wakagonga ukuta, mama mkwe akaguna. Kichochoro cha pili walikwenda vizuri kidogo. Walipokaribia mlango, simu ikaanza kutetemeka mezani, ikatulia, ikatetemeka tena.

"Si upokee?"

"Ni askari wangu, mama. Ametuona."

Mama Owen hakubandua macho kwenye skrini. Alitulia, akatulia.

"Mwambie angoje," akasema. "Ingia."