Chumvi ya Samaki Tu

Mimi ni mpishi wa kantini ya ofisi, na huu mwaka wa pili chumvi ya nyumbani kwangu naificha juu ya kabati. Mume wangu figo zake zimekufa zote mbili. Mara tatu kwa wiki anakwenda hospitali, analazwa kwenye kiti, damu inatolewa, inasafishwa na mashine, inarudishwa. Chumvi marufuku. Maji ni kikombe kwa kikombe, tena anayapima mwenyewe, maana ni fundi wa mizani na hajawahi kukadiria kitu maishani mwake. Sasa nieleweni nilivyojisikia Jumamosi ile mdogo wake alipotuletea tangi la samaki wa baharini, lita mia mbili, likasimikwa sebuleni kwangu pale palipokuwa na kabati la vyombo.

Tulichokuwa tunamngojea shemeji atuletee hakikuwa tangi. Mimi nilipimwa, damu yangu ikakataa. Shemeji akapimwa, kila kitu kikakubali, na mbele ya ukoo mzima akasimama akasema, "Figo yangu moja ni ya kaka." Watu walilia. Mimi nilimpigia magoti, mimi huyu nisiyempigia mtu magoti. Daktari akapanga upasuaji tarehe kumi na nne ya mwezi unaofuata. Toka hapo shemeji akawa haonekani. Nampigia, yuko kikaoni. Nampigia tena, anaendesha gari. Halafu ndiyo hiyo Jumamosi anakuja na wapagazi wawili, na pampu, na taa, na mawe, anacheka kwa sauti kubwa mno.

"Kaka, si tangu utotoni ulikuwa unalilia matumbawe? Haya, kazi kwako! Chumvi tu mtachagua wenyewe, mimi sizijui."

Hakukaa. Hata glasi ya maji hakugusa. Nikamfuata mpaka getini.

"Shemeji, tarehe kumi na nne tuko pamoja?"

"Tuombe uzima, shemeji," akasema, huku akitafuta funguo za gari na funguo zenyewe kazishika mkononi.

Jamani, mtu mzima gani haelewi jibu la namna hiyo? Nililielewa, nikajitia sijaelewa. Niliitaka ile figo kuliko nilivyoutaka ukweli.

Mume wangu ndio usiseme. Alinunua daftari akaanza kusoma habari za chumvi kama mtu wa mtihani. Akawa anakwenda nalo hospitali, anawahubiria wagonjwa wenzake kalsiamu na magnesiamu, na watu wale wasioruhusiwa hata kulamba chumvi wakawa wanabishana ipi ni bora. Akakata shauri: chumvi ya matumbawe, ndoo kubwa. Akanichorea na ramani. Hapa tumbawe la kahawia, hapa la zambarau, lile linalofunguka asubuhi na kujikunja jioni.

"Ukitoka kazini utakuwa unakaa hapa unayatazama," akaniambia.

"Nikitoka kazini miguu yangu inataka beseni, haitaki tangi."

Alicheka mpaka akakohoa. Siku nyingi sikuwa nimemsikia akicheka vile, na nikamsamehe shemeji nusu.

Jumanne ya wiki ya pili hakuwa na zamu ya mashine, tukaenda dukani. Duka lenyewe lilikuwa chumba kirefu chenye unyevu, matangi yamepangwa ukutani mpaka darini, pampu zinanguruma, sakafu imejaa ndoo na mipira ya maji. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, mikono ya blauzi imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Kwani chumvi si chumvi tu?" nikamuuliza. "Nyumbani nina pakiti nne, hazina mlaji."

"Hee, ya jikoni usithubutu, dada. Utawaua siku hiyo hiyo. Maji ya bahari yana mambo mengi kuliko chumvi unayoijua." Akashusha mifuko miwili, akaiweka juu ya kaunta. "Hii ni ya samaki tu. Samaki hawana makuu, maji yakiwa safi na kipimo kikiwa sawa, wao wanaishi. Hii nyingine ni ya matumbawe. Ina kalsiamu nyingi zaidi, kwa sababu tumbawe linajijengea mifupa kutoka kwenye maji yale yale. Na zote mbili mnachanganya na maji yaliyochujwa, si ya bomba."

"Kama ya mashine yangu," mume wangu akasema. "Hospitali wanayachuja vivyo hivyo. Na chumvi ni gramu thelathini na tano kwa lita, au siyo?"

"Ndiyo hasa. Huyu baba kasoma!"

Alivyofurahi! Akafungua daftari, akamwonyesha ramani yake, yule mama akavaa miwani akaitazama kwa makini na kumsahihisha jiwe moja. Mimi tayari nilikuwa nimefungua mkoba.

"Tupe ya matumbawe," nikasema. "Tena ile ndoo kubwa."

"Nitawapa. Ila niwaulize kwanza, maana watu huwa hawajiulizi. Nani atakuwa anabadilisha maji? Kila wiki, na siyo mwezi mmoja, ni miaka. Samaki mkishindwa mtanirudishia, nitawapatia mtu. Matumbawe yakishashika jiwe hayapendi kuhamishwa."

"Ni yeye," nikadakia. "Mwezi ujao anafanyiwa upasuaji, wiki chache nitabadilisha mimi, halafu anaendelea mwenyewe. Miaka ishirini mbele, ukitaka."

Mume wangu akafunga daftari.

"Tupe ya samaki tu," akasema.

"Wewe! Ya samaki vipi? Na ile ramani?"

"Ya samaki inatosha, mama. Mfuko mdogo," akamwambia mwenye duka.

Sikupenda alivyosema. Alitaja mfuko mdogo kwa sauti ile anayotumia akimwambia mteja mzani wake hautengenezeki. Nikamwambia hatutoki pale bila ndoo kubwa. Nikapandisha sauti. Yule mama akaona mambo yamekuwa mengine, akajisogeza kwenda kupima joto la tangi lisilohitaji kupimwa.

"Hakuna tarehe kumi na nne," mume wangu akaniambia polepole. "Alikuja hospitali wiki mbili kabla ya kuleta tangi. Nimelala pale na mipira mkononi, akaniambia hawezi. Anaogopa. Mkewe naye kakataa."

 Nikaketi juu ya ndoo ya mtu.

"Na ukaninyamazia? Mimi nahesabu siku kama mwehu, nimeomba likizo kazini, nimefua mashuka ya kukulaza, na wewe unanichorea matumbawe?"

"Ningekuambia ungekwenda kumvunjia heshima mbele ya watoto wake."

"Ningekwenda! Ningekwenda bila viatu!"

"Ndiyo hivyo." Akajifuta uso. "Alilia, mke wangu. Alilia mpaka nesi akadhani yeye ndiye mgonjwa. Akawa anauliza, kaka nikufanyie nini basi, nikufanyie nini. Hakutaka kuondoka. Nikamwambia niletee tangi."

Hee! Kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyeliagiza. Mgonjwa ndiye aliyemtafutia mzima kitu cha kufanya ili apate usingizi. Hasira zilinijaa nikakosa pa kuzipeleka, kwa maana mmoja hayupo na mwingine ananitazama kwa macho yaliyovimba maji.

"Wewe ni fundi wa mizani," nikamwambia. "Figo huku, tangi huku. Umepima nini hapo?"

Akamwita yule mama arudi. Tukanunua mfuko mdogo.

Nyumbani akaweka pipa jipya katikati ya sebule, akamimina maji yaliyochujwa, akapima chumvi kwenye mzani wake wa kazini mpaka gramu ya mwisho. Mimi nikapewa mwiko mrefu wa kantini nikoroge. Maji yakawa meupe, yakaanza kutulia. Hapo ndipo simu yangu ikalia. Shemeji.

"Shemeji, mmeipata chumvi?"

Mume wangu alisimama na kijiko mkononi, ananiangalia. Nilimjua. Alikuwa ananisihi.

"Tumeipata," nikasema.

"Ya matumbawe, eti? Kaka kanisimulia sana."

"Ya samaki tu. Matumbawe yanataka mtu wa kukaa nayo miaka."

 Nikasikia watoto wake wanacheza, na mlango unafungwa, na yeye anapumua. Kisha akaniomba, kwa sauti ndogo, nimpe kaka yake.

Nikampa. Mume wangu akakaa kwenye mkono wa kochi, akasikiliza. "Sasa unalia nini tena?" akasema. "Acha, mdogo wangu. Sina kinyongo, kweli nakuambia. Acha, watoto watakuona." Akambembeleza hivyo, kwa upole ambao mimi sijawahi kubembelezwa nao tangu augue, na mimi nikashika mwiko kwa mikono miwili nikaendelea kukoroga maji ambayo chumvi yote ilikwisha kuyeyuka, maana ningeuacha ule mwiko ningempokonya simu.