Mlio wa Nane

Filamu ile ilifika Dodoma ikiwa haina mwanzo. Kanda yake ilikuwa imechezwa na kurudiwa Dar es Salaam mpaka dakika kumi za kwanza zikawa chenga tupu, na sura ya mtu ilipoanza kuonekana, gaidi alikuwa ameshatega mabomu yake mji mzima na askari hodari alikuwa ameshakasirika. Hayo hayakuwazuia watu. Jumamosi ile saa tisa alasiri banda la video la Harithi, kule Majengo nyuma ya wauza nafaka, lilijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni, magunia yakiwa yamening'inizwa madirishani kuzuia jua.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, enzi za ruksa. Vitu vilivyokuwa vikitafutwa kwa foleni sasa vilikuwa vinamfuata mtu barabarani. Mashirika ya umma nayo yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, na ndiyo maana mlangoni pa Harithi, kwenye kigoda, alikaa mzee Bartolomayo akikata tiketi. Kazi yake hasa ilikuwa fundi baruti. Alijifunza Mtera wakati bwawa linajengwa, kisha akaajiriwa kwenye machimbo ya kokoto ya shirika moja, akapasua mawe miaka kumi na miwili. Shirika lilipokufa, hapakuwa na mtu mjini mwenye haja ya kupasuliwa jiwe. Harithi alimwonea huruma akampa mlango.

Hatua chache kutoka hapo alikaa Restuta na karai lake la maandazi. Bartolomayo ndiye aliyemwombea nafasi ile kwa Harithi. Restuta alikuwa mjane wa Joel, na Joel alikuwa msaidizi wa Bartolomayo machimboni, rafiki yake tangu wakichunga ng'ombe pamoja. Tangu Joel afe, Bartolomayo ndiye aliyeezeka nyumba ya mjane, ndiye aliyempeleka shule binti yake Ruthu siku ya kwanza. Watu wa Chang'ombe ya Dodoma walikokaa walisema kwamba rafiki wa namna ile hapatikani tena. Yeye akisikia maneno hayo hutafuta kitu cha kufanya kwa mikono.

Filamu ilipokwisha, watazamaji hawakuondoka. Walisimama nje wakiichambua kama wanavyochambua mpira. Abbasi, fundi cherehani, ndiye aliyeanza. Alisema yeye hakuwa na ugomvi na mabomu, ugomvi wake ulikuwa na shati: nyumba ya ghorofa sita imemwangukia askari yule na shati lake bado lina alama ya pasi. Mwingine akasema saa ya lile bomu ilikuwa na mashaka, maana dakika yao moja ni ndefu kuliko siku ya mfungo. Mwalimu Respicius, aliyekuwa akijua Kiingereza na kuwatafsiria wenzake mle ndani, alishangaa gaidi gani huyo anayemkamata adui yake kisha anamhutubia mpaka adui anajifungua kamba.

Lakini jambo moja wote waliafikiana. Katikati ya filamu kulikuwa na askari kijana, msaidizi wa yule hodari. Aliliendea basi lililotegwa, akapanda ngazi, basi likalipuka. Mle ndani watu walicheka, na pale nje wakacheka tena.

"Yule hakuuawa na mtu," alisema Abbasi. "Alijipeleka mwenyewe."

Restuta alikuwa anageuza maandazi. Akasema bila kuinua kichwa, "Wapo watu wa hivyo. Mimi mwenyewe niliolewa na mmoja."

Wakacheka zaidi, naye akacheka nao. Bartolomayo alikuwa ameinama akiokota vipande vya tiketi, na hakuweza kuinuka. Alihisi mtu amesimama nyuma ya bega lake la kushoto, karibu kabisa, kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo. Hakugeuka. Alijua akigeuka hataona mtu, maana jambo hilo lilikuwa limemtokea mara nyingi: bombani akikinga maji, kanisani wakati wa sala ya ukimya, mchana kweupe njiani. Joel alikuwa na desturi ya kusimama upande ule.

Mambo yalikuwa hivi. Siku ile machimboni walikuwa wametoboa mashimo manane na kuyajaza baruti, na kila utambi ulikatwa kwa urefu wake ili mashimo yalie moja baada ya jingine. Fundi hujificha na kuhesabu. Mashimo manane, milio minane. Ukipungua mmoja, hakuna mtu kusogea nusu saa nzima, maana ipo baruti inayochelewa. Bartolomayo alihesabu milio saba. Mlio wa tano ulikuwa mzito, na palepale akajiambia kwamba pale yamelia mawili pamoja. Huenda. Jambo hilo hutokea. Malori yalikuwa yamepanga mstari, msimamizi alikuwa ameshatazama saa mara mbili, na jua la Oktoba lilikuwa linachoma. Akamwambia Joel, nenda, zimekwisha. Joel akaenda na mtarimbo wake begani.

Walipokuja wakubwa kuandika taarifa, Bartolomayo aliulizwa mbele ya watu ilikuwaje. Akasema hakuwa amemaliza kuhesabu. Akasema Joel alitoka mwenyewe, alimwita hakusikia. Sentensi mbili tu. Zikaandikwa, zikasomwa, zikafika mpaka kijijini kwao Joel upande wa Mvumi, na baada ya wiki chache zikawa ndiyo tabia ya marehemu: Joel yule mkaidi, Joel asiyeambiwa. Wala hakuwa mkaidi. Ila mtu akishazikwa hawezi kubisha.

Tangu siku ile Bartolomayo hakuweza kuhesabu kitu bila kukwama kwenye saba. Akihesabu mabenchi, akihesabu kengele ya kanisa, akifika saba moyo unasimama, unangoja.

Filamu ile ilipendwa, pamoja na ubovu wake, na Harithi akairudisha Jumapili na Jumatatu. Alikuwa pia amegundua kwamba ana hazina mlangoni, akawa anawaambia watu wamuulize mzee Barto, mtu aliyeishi na baruti, kama bomu la namna ile lipo kweli. Wakamuuliza. Aliwajibu kwamba hajaiona filamu, anaisikia tu. Basi Jumatatu Harithi akakaa mwenyewe mlangoni, akamsukuma ndani kwa utani.

Bartolomayo alikaa benchi la nyuma, jirani na mwalimu Respicius. Saa ya bomu ilipoonyeshwa hakuiangalia sana. Ilipofika sehemu ya basi akashika ukingo wa benchi. Askari kijana alisimama barabarani, redio mkononi, akasema kitu. Yule hodari akamjibu kutoka juu ya jengo.

"Anamwambiaje?" Bartolomayo aliuliza.

"Nani?"

"Mkubwa wake. Amemwambia nini kwenye redio?"

Mwalimu alifikiri. "Kama amemwambia njia ni salama. Salama, nenda."

Basi likalipuka. Watu wakacheka. Bartolomayo alingoja. Aliitazama filamu yote iliyobaki akingoja yule hodari akae chini mahali, hata kwa dakika moja, akumbuke alichosema kwenye redio. Hakukumbuka. Alimkamata gaidi, akambusu mwanamke, kanda ikakatika.

Nje walimzunguka. Abbasi akamwomba atoe hukumu kama mtaalamu: kasoro ya filamu ni nini, shati au saa? Restuta naye alikuwa ameinua macho akimsikiliza, kwa sababu mzee hakuwa mtu wa maneno.

"Yule kijana hakujipeleka," alisema Bartolomayo. "Aliambiwa nenda. Mwalimu amesikia. Aliyemwambia yupo, na filamu imemsahau."

Abbasi akabisha kidogo, kwamba mkubwa hakujua. Bartolomayo akasema kutojua si kosa. Kosa ni kumwacha mwenzako achekwe. Sauti yake ilitetemeka kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, na watu wakatazamana, wakaanza kuondoka mmojammoja. Hawakuelewa. Restuta peke yake ndiye aliyebaki amemkodolea macho, uma wa maandazi mkononi, na mafuta yakaanza kuungua.

Asubuhi iliyofuata Bartolomayo alikwenda kwake. Alimkuta uani akikanda unga. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Shemeji," alisema, "Joel hakuwa mkaidi."

Akamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, mashimo na milio, malori na msimamizi, na zile sentensi mbili. Hakulia, maana aliona kulia kungekuwa kumwomba mjane ambembeleze. Restuta aliendelea kukanda. Unga ulikuwa umeshakaza zamani, naye anaukanda tu. Mwishowe mikono ikasimama.

"Miaka kumi," alisema, "nimewaambia wanangu wasiwe vichwa vigumu kama baba yao. Ruthu nimemfinya kwa maneno hayo tangu hajajua kusoma. Leo ana miaka kumi na saba. Ukimuuliza jambo hajibu mpaka anitazame kwanza, nimwambie ajibu nini. Unalijua hilo?"

"Ninalijua."

"Ulikuwa unaliona, ukakaa hapo hapo unakula ugali wangu."

Restuta akafunika unga kwa kitambaa. Akasema kwamba yeye hana neno la kumpa, asimwombe. Ila mama yake Joel yuko hai, na ni haki yake kusikia kabla hajaingia kaburini. Jumamosi watakwenda, na Ruthu atakwenda nao.

Siku zile zilizobaki alikata tiketi kama kawaida. Restuta hakuonekana mlangoni. Alihamishia karai lake upande wa pili wa soko, na Harithi alipouliza kulikoni hakupata jibu. Mtu wa nyuma ya bega hakuondoka. Bartolomayo alikuwa amedhani ataondoka akishasema. Sasa ilikuwa kama amesogea karibu zaidi.

Jumamosi walishuka kwenye gari upande wa Mvumi wakatembea mpaka kwenye nyumba ya tembe ya mama yake Joel, bibi Raheli, watatu hao, Ruthu mbele. Bibi alikuwa amekaa ukutani kivulini akipepeta uwele. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini aliposikia salamu, "Mbukwa, mama," aliitambua sauti mara moja, akamtaja Bartolomayo kwa jina lake la utotoni na kumwita mwanangu.

Bartolomayo alisimulia kwa Kigogo, amepiga magoti. Ilimchukua muda mrefu, kwa sababu kwa Kigogo hapakuwa na maneno ya taarifa ya kujifichia. Bibi hakumkatiza. Ungo ulikuwa mapajani, na kuku walikuja wakadonoa mpaka Ruthu akawafukuza.

Alipomaliza, bibi aliuliza jambo moja. Alitaka kujua kama mwanawe alisema kitu kabla ya kwenda.

Hilo Bartolomayo hakuwa amemwambia hata Restuta. Hakuwa amejiambia hata mwenyewe, kwa miaka yote ile.

"Aliniuliza," alisema. "Aliniuliza, 'Una hakika?' Nikamwambia nina hakika. Akaniuliza tena, nikamfokea."

Bibi Raheli akanyoosha mkono hewani, akiutafuta mkono wa mjukuu wake, mpaka Ruthu akasogea akampa.

"Umesikia?" bibi alimwambia. "Baba yako aliuliza. Aliuliza mara mbili."

Hakumwambia Bartolomayo kwamba amemsamehe, wala hakumfukuza. Alimwagiza Restuta apike, na chakula kilipoiva mgeni akatengewa sahani yake peke yake, pembeni, karibu na mlango. Alikula kwa sababu kukataa kungekuwa tusi.

Wakati wa kurudi upepo wa nyanda ulikuwa umeanza, vumbi jekundu likitangulia. Walisimama barabarani kungoja gari. Ruthu alikuwa amekaa juu ya jiwe, khanga ya mama yake mabegani. Akainua uso ghafla, wala hakumtazama mama yake kwanza.

"Baba mkubwa, kwa nini ulinyamaza miaka yote hii?"

Restuta aligeuza uso akatazama njia.

"Niliogopa," alisema Bartolomayo.

Binti alingoja. Alimtazama usoni kwa subira, kama mtu anayejua kwamba jibu bado halijaisha, na Bartolomayo alitafuta ndani yake neno jingine la kumwongezea. Hakulipata. Nyuma ya bega lake la kushoto kulikuwa na utulivu wa mtu anayesikiliza pia.