Maiti Naye Awe Raia

Esperansia alikuwa akiopoa karai la tatu la maandazi mtendaji wa kijiji alipoinama kuingia kibandani. Maandazi ya gulio la leo yalikuwa madogo kuliko ya wiki iliyopita. Unga na mafuta vilikuwa vimepanda bei pamoja, na wateja walishaanza kuyaita vifungo.

“Shikamoo, mtendaji.”

“Marahaba. Nipe vifungo viwili.” Akakaa kwenye benchi karibu na Novatus, kiongozi wa kikundi cha maigizo, aliyekuwa akikaza ngozi ya ngoma. “Novatus, mchezo wenu wa mchana nimeuruhusu. Ila wageni wasiigize.”

“Wageni gani?”

“Unawajua. Huyu hapa, na yule Mrundi mwenzake, Fabrice.”

“Fabrice ni maiti, mzee. Haongei hata neno.”

“Yumo kwenye mchezo, hayumo?”

“Amelala tu.”

“Basi maiti naye awe raia.” Mtendaji alitafuna bila haraka. “Agizo limekuja kwa simu. Mimi nimepokea tu.”

Igizo lilikuwa la Esperansia. Alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole, humuhumu wilayani Ngara, miaka michache kabla haijafungwa. Mama yake, Mrundi, alipanga chumba hapa Nyakarama na kulima vibarua kwenye kahawa za watu. Masika yaliyopita alifariki. Mwenye nyumba alisema migombani mwake hazikwi mpangaji. Mkutano wa kitongoji ukasema hivyohivyo kwa upole zaidi: apelekwe kwao. Wanaume wanne wakambeba kwa machela, wakavuka mpaka upande wa Kabanga, wakamzika kwenye kilima cha Muyinga, Burundi, kwa ndugu waliolazimika kuelezwa kwanza ni dada yupi. Siku ile Esperansia aliwamiminia wabebaji uji, hakusema kitu. Maneno yalikuja baadaye. Aliyatungia igizo, na mchana huu alikuwa ayaseme mbele ya watu walewale.

“Waache wacheze wenyewe,” alisema mama Theodosia, mwenye kibanda, mtendaji alipotoka. “Huyu akikasirika atakuja kunitafuta mimi. Wewe chochea maharage.”

“Ndiyo, mama.”

Nafasi yake akapewa Agripina, Mhangaza wa kijijini hapo. Umaiti akapewa Kazimili, Msukuma anayetengeneza baiskeli sokoni.

“Nikifa, nani atawazibia watu pancha?” aliuliza Kazimili.

“Jioni utafufuka,” alisema Fabrice. “Ila usipumue kwa tumbo, kaka. Mimi kufa kumenichukua wiki nzima.”

Jukwaa lilikuwa mstari wa majivu uliochorwa mbele ya ghala la zamani la kahawa. Watazamaji walijua utaratibu: mchezo unakwenda hadi mahali pagumu, Novatus anapiga ngoma mara moja, waigizaji wanaganda. Mtazamaji mwenye njia bora anavuka majivu, anavaa kitenge cha mwigizaji, anaendelea badala yake.

Maiti ilipiga chafya. Watu walicheka hadi Novatus akalazimika kusubiri. Kisha Bernardo, aliyeigiza mwenye nyumba, akanyoosha mkono. “Hapa hazikwi mtu! Mpelekeni kwao!”

Agripina alilia vizuri. “Jamani, nihurumieni,” alisema, akarudia, akaishiwa maneno.

Ngoma ikalia.

“Binti ameomba huruma,” alisema Novatus. “Imemsaidia?”

“Hapanaaa!”

“Nani ataingia mahali pake?”

Mlevi mmoja alijitolea kumpiga mwenye nyumba, akaambiwa akae. Esperansia alikuwa amesimama nyuma ya wanawake na beseni la maandazi kichwani. Theodosia akalishusha.

“Lete hilo,” alisema. “Nenda. Maharage nimeshayaepua.”

Alipovuka majivu, mtendaji aliinuka nusu. “Novatus! Tulisemaje?”

“Ulisema wageni wasiwe waigizaji, mzee. Huyu ni mtazamaji. Watazamaji hukuwazuia.”

“Tumesimama naye tangu mwanzo!” alipaza sauti mwanamke mmoja.

“Kaa, mtendaji, unatuziba!”

Mtendaji akakaa. Agripina alivua kitenge upesi, kama anayetua mzigo.

“Shikamoo, mwenye nyumba,” alisema Esperansia. “Choo unachotumia, shimo lake kachimba nani?”

Bernardo hakuwa na maneno ya kukariri tena. Akaionyesha maiti. “Yeye.”

“Kahawa ya pale juu kapalilia nani?”

“Yeye.”

“Mtoto wa jirani alipougua usiku wa mvua, nani alishika machela hadi zahanati?”

Kabla Bernardo hajajibu, sauti ikatoka nyuma: “Ni kweli! Alibeba! Mwanangu ndiye aliyebebwa!”

“Mimi nimezaliwa Lukole,” alisema Esperansia. “Kambi ilifungwa, mimi sikufungwa nayo. Mama yangu amelala kwenye kilima nisichojua hata njia yake. Siombi huruma, mzee. Nauliza tu. Kwao ni wapi?”

Mzee Leonidas akainuka, mkononi ana jembe jipya la gulio, halijatiwa mpini. Alikuwa mmoja wa wale wabebaji wanne. Akavuka majivu, akaitazama maiti.

“Nyuma ya migomba yangu pana nafasi,” alisema. “Nafasi hiyo ilikuwapo hata masika yale. Sikuisema.”

Kazimili alifumbua jicho moja. “Mzee, hilo jembe liweke mbali kidogo.”

Watu walibishana pale hadi wachuuzi walipoanza kupakia mizigo. Waliotaka azikwe migombani walikuwa wengi, lakini si wote.

Jioni mtendaji alirudi kibandani. “Gulio lijalo usiigize.”

“Siigizi, mtendaji. Nitasimama palepale na beseni langu.”

Leonidas, aliyekuwa akinywa chai benchini, alisogea kumpisha. “Umefika vizuri. Kilima kile nakijua, njia yake niliipita na machela begani. Nataka kumpeleka huyu akapalilie kaburi. Kesho utatuandikia kibali cha kuvuka.”

“Cha kwenda?”

“Cha kwenda na kurudi.”

“Kurudi wapi?”

Theodosia aliacha kufuta sahani. Esperansia alimwekea mtendaji vifungo viwili, akabaki amesimama mbele yake, akisubiri.

“Njooni asubuhi,” alisema mtendaji hatimaye. “Mapema, kabla simu hazijaanza.”