Jibini Haisubiri Wageni

"Soksi," alisema Kamanda. "Hiyo ni harufu ya soksi za mlinzi wa zamu, na usinibishie, pua ninayo."

"Ni jibini. Jibini ya kweli inanuka hivyo."

"Jibini nimekula mimi, kwenye mkate, na haikunifukuza chumbani kwangu. Nguo zangu zimeanikwa juu ya dirisha lako. Kesho nikivaa ile blauzi watu watauliza nimelala zizini."

Mwanamke waliyemwita Redio alisimama mlangoni kwake na mwiko mkononi, jibini ikichuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kamanda alikuwa ngazi mbili juu yake, mikono kiunoni. Alikuwa askari jela maisha yake yote, na kustaafu kulimvua sare tu, sauti akabaki nayo. Aliishi peke yake ghorofa ya juu, na zile ngazi alizihesabu kuwa zake. Ukimwaga maji hapo, ukisahau ndoo, mtoto akipanda mbiombio, utaitwa kama mfungwa.

"Nina wageni leo," Redio alisema. "Nivumilie mpaka jioni."

"Wageni?" Kamanda alicheka puani. "Nani anakuja kwako siku hizi? Watu hawaogopi jibini yako, bibie. Wanaogopa kifua chako."

Chini uani mtu aliyekuwa akifua aliacha kufikicha. Redio alisikia maji yakitulia kwenye beseni.

"Nilishapona."

"Sikusema hujapona. Nimesema wanaogopa." Kamanda akageuka, akapanda zake, ndala zikimpiga visigino. Huko juu dirisha likafungwa kwa kishindo.

Redio akarudi jikoni kabla sufuria haijamgeuka. Hakuwa na hasira. Ajabu ni kwamba tangu atoke hospitali, huyo ndiye mtu wa kwanza kumwambia neno lile usoni.

Jina la Redio hakulipata bure. Chumba cha mbele alikigeuza saluni tangu alipoolewa, kioo kimoja, viti vya plastiki na benchi la wasubiri, na kwenye benchi lile wengi waliokaa hawakuwa na nia ya kusuka kitu. Walikuja kusikia. Kama kuna ndoa iliyoyumba mtaani, ilianzia kuyumba pale. Mtu akinunua kochi jipya, saluni ilishajua amelitoa wapi na nani amekasirika. Chai ilikuwa haikauki, vikombe vinazunguka, huyu anakunywa cha yule, na aliyekuja kwa dakika tano anaondoka taa zimewashwa.

Kisha kikaja kikohozi. Wakasema vumbi, wakasema feni, mpaka alipokohoa damu kwenye taulo la mteja. Kifua kikuu. Akalazwa, akatoka, akameza dawa siku zote alizoambiwa azimeze bila kuruka hata moja, na mwisho daktari akamwambia amepona kabisa, hamwambukizi mtu, na ugonjwa ule tangu mwanzo hausafiri kwa sahani wala kijiko. Redio, kwa kuwa ni Redio, aliitangaza habari hiyo mwenyewe mtaa mzima. Kila mtu alimwambia, tumefurahi sana, pole, Mungu mkubwa.

Na hakuna aliyerudi benchini. Walikuwa wanapita. Wanasimama nje juani, "Nimekuja kukuona tu, nina haraka." Akiwapa soda wanaishika tu mkononi mpaka ipate moto, kisha wanaisahau juu ya dirisha. Mmoja alikuja kusukwa na kitana chake ndani ya mfuko, akasema daktari wa ngozi amemshauri. Hakuna aliyemtukana. Angetukanwa angejua pa kushika, maana mdomo anao. Lakini utagombana vipi na mtu anayekuchekea?

Ndipo akakumbuka sufuria ile. Wodini kulikuwa na televisheni isiyotoa sauti, na siku moja ilionyesha watu wamezunguka chungu kimoja cha jibini iliyoyeyuka, kila mmoja na uma wake mrefu, wanachoma kipande cha mkate, wanachovya, wanakula, wanachovya tena. Hakuna sahani. Wanacheka mpaka mmoja anajifuta machozi. Redio alitazama akiwa kitandani, na barakoa usoni, akajiambia nikipona nitawafanyia hiki.

Mpishi wa hoteli, mteja wake wa zamani ambaye siku hizi anasukwa kwingine, alimweleza kwa simu. Kwenye simu alikuwa mkarimu kupita kiasi. "Inaitwa fondu, dada. Paka kitunguu saumu kwenye sufuria. Tia juisi ya tufaha na ndimu, ipate moto. Jibini uikwangue, uichanganye na wanga kidogo, uitie konzi kwa konzi huku unakoroga. Usikoroge mviringo, koroga ukiandika nane. Na isichemke. Ikichemka inaachana, mafuta juu, donge chini, basi hapo umeharibu. Halafu nisikilize, watu wawe wameshakaa. Jibini haisubiri wageni."

"Uje na wewe basi, Jumapili hii."

"Jumapili? Jumapili niko zamu, dada."

Mumewe alikuwa fundi baiskeli na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata yeye mkewe. Ndiye aliyetengeneza zile uma ndefu. Alikata spoki za gurudumu, akazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa, akazichonga ncha, na Redio akazungushia kila moja uzi wa kusukia kwenye mshikio, nyekundu, njano, kijani, buluu, zambarau, ili kila mtu aijue yake. Zilipendeza. Fundi alizigeuza mkononi, akasema kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichonunua, "Si ungewagawia kwenye vibakuli tu? Kila mtu na chake."

"Ningetaka vibakuli ningepika maharage."

"Nasema tu."

"Nataka wale na mimi, Fundi. Wale na mimi kama zamani. Wakichovya mara moja tu, jambo limekwisha, kesho benchi limejaa. Wasipochovya, nitajua."

Fundi hapo akainuka. Alikwenda kunawa grisi.

Wageni walikuwa watatu, na walikuja kwa pamoja, kama watu waliokutana kwanza mahali wakashauriana. Mbele alikuwa Wifi, dada yake Fundi, muuza vifuniko vya simu, amejipulizia manukato ya kutosha harusi. Nyuma yake Mwalimu wa chekechea, ambaye huzungumza na kila mtu kama ana miaka minne. Na mwisho Sindano, fundi cherehani, shoga yake Redio tangu wakiwa wasichana wanaoazimana sketi. Kwa hao wawili wa mwanzo Redio alikuwa na matumaini madogo. Chakula kile alikipikia Sindano.

"Hodi humu. Mmeua nini?" Sindano aliuliza mlangoni, na Redio akacheka kicheko chake cha zamani mpaka akajishtukia mwenyewe, kwa kuwa kicheko kirefu humletea kikohozi, na leo hakitakiwi.

Wakakaa. Jiko dogo la spiriti lilikuwa katikati ya meza, na juu yake sufuria, jibini laini, ya manjano, inapumua taratibu. Mkate ulikatwa vipande ukajazwa kwenye ungo. Redio akagawa spoki, akimpa Sindano ile nyekundu. Akaeleza. Akaeleza sana, kuliko ilivyohitaji.

"Basi ni kuchovya tu," Mwalimu alisema. "Jamani, vizuri hivyo. Ubunifu mzuri."

Hakuna aliyechovya.

Fundi ndiye aliyeanza. Alichoma mkate, akauzungusha ndani ya sufuria, ukatoka na uzi mrefu wa jibini uliomfuata mpaka kidevuni. "Tamu," alisema, na alikuwa anasema kweli. Kisha Redio akachovya, akala. Moto mzuri, chumvi mahali pake, ndimu kwa mbali. Miezi yote ile ya dawa alikuwa hajapika kitu kitamu kama kile.

"Wifi, karibu."

"Wifi yangu, ungeniambia mapema. Nimetoka kwenye sherehe saa hii hii, wamenijaza mpaka hapa." Akajishika koo. "Lakini nitakaa nawe."

"Mwalimu?"

"Mimi maziwa na tumbo langu havielewani siku hizi, mama."

Huyu alikunywa chai ya maziwa kwenye benchi la saluni miaka nenda rudi, vikombe viwili viwili, cha pili akisingizia ni cha kusindikiza cha kwanza. Redio akasema, "Pole," akakoroga sufuria. Nane, nane, nane.

Ikabaki Sindano. Naye alichukua mkate, akauchoma kwenye spoki yake nyekundu, akauinua. Redio akaacha kukoroga. Lakini Sindano alikuwa ameanza habari, na habari ya Sindano haina breki.

"Mmesikia ya yule wa duka la dawa? Bwana amerudi. Amerudi na begi lile lile aliloondokea, na ndani ya begi, nisikilizeni, kuna nguo za mtoto."

"Acha," Wifi alisema.

"Nguo za mtoto, nawaambia, zimepigwa pasi. Sasa mke anauliza, za nani? Bwana anasema nimezikuta."

Wakacheka wote, hata Redio. Kwa muda kidogo chumba kilikuwa chumba chake. Mkate wa Sindano ulikuwa unaning'inia juu ya sufuria, unashuka kila akisisitiza neno, unapanda kila akivuta pumzi, na Redio alikuwa anacheka na kuutazama. Mwalimu naye alikuwa anautazama. Na Wifi. Hadithi ikaisha. Mkate ukabaki hewani.

Simu ya Sindano ikalia.

Aliiweka spoki mezani haraka kama mtu aliyetumwa, akasikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, nakuja. Alipomaliza hakuishika tena. Alifungua mkoba wake, akatoa bakuli la plastiki lenye mfuniko.

"Shoga, nichotee kidogo niwapelekee watoto. Watapenda hao."

Bakuli lilitoka nyumbani. Lilipangwa lije. Redio alilitazama, akaona na Sindano anajua kwamba ameliona, na macho ya rafiki yake yakaenda dirishani. Akamchotea. Alimjazia mpaka juu, akafunga mfuniko akaubana pande zote, kwa kuwa alijua litaishia kwenye jalala la kona na hakutaka limchafulie mkoba.

"Kula na wewe basi," alisema. "Mara moja tu, Sindano."

"Nitakula nyumbani, na watoto."

"Unaogopa?"

"Nani anaogopa? Jamani, shemeji, msikie mkeo."

Redio akamgeukia mumewe amsaidie. Fundi alikuwa ameshika spoki yake ya buluu, na mdomoni anatafuna mkate. Mkate mkavu. Hapo ndipo Redio alipoliona jambo ambalo kumbe lilikuwa mbele yake muda wote. Fundi alichovya mara moja, kabla yake. Tangu spoki yake yeye iingie kwenye sufuria, ya mumewe haikurudi humo. Akakumbuka kikombe cha Fundi, kile cha bati, kinavyoning'inia kwenye msumari wake peke yake. Alidhani ni mapenzi ya mtu na kikombe chake.

Fundi aliona kwamba ameonwa. Akaacha kutafuna.

"Niwasindikize wageni," alisema.

Waliondoka kwa maneno mazuri mno. Karibu tena kwetu, asante, umependeza, umenenepa. Wifi alimkumbatia akiwa amegeuzia uso pembeni. Sindano alitoka wa mwisho, akasimama kizingitini kama ana la kusema, akasema, "Nitakupigia." Sauti zao zikashuka uani, zikatoka barabarani, na zilipofika mbali kidogo zikachangamka.

Redio akakaa. Spoki zililala mezani, nyekundu, njano, kijani, zinang'aa kama zilivyotoka kwenye msasa. Hakukoroga. Pembeni mwa sufuria jibini ilianza kuota ngozi, kisha katikati likatoka povu moja zito, halafu jingine. Mafuta yakapanda juu. Alisikia chini inashika, akasikia inaungua, na hakunyoosha mkono kuzima. Alikuwa anawaza kwamba kesho atakitoa kioo kile ukutani. Saluni bila watu ni chumba tu, na chumba hakihitaji kioo kikubwa hivyo.

Ndala zikashuka ngazi, zikipiga visigino.

"Sasa soksi zinaungua," Kamanda alisema mlangoni, amejifunika pua kwa upande wa khanga. "Unataka kutuchoma wote humu?"

Hakungoja jibu. Aliingia hatua moja, akanyoosha mkono mrefu, akaufunika moto wa spiriti kwa kifuniko chake, akarudi nje ya kizingiti. Akatazama meza. Alitazama viti, kisha ungo uliojaa mkate, kisha spoki moja baada ya nyingine, kwa namna aliyozoea zamani kukagua sero. Ni wazi alikuwa amemaliza hesabu. Redio alingoja lile neno lake, wanaogopa, maana lilikuwa na haki ya kuja sasa.

Kamanda hakulisema. Aliuliza tu, "Hiyo ndiyo inachovywa?"

"Imeharibika. Ilikuwa nzuri, ikaharibika."

"Nimelishwa gerezani miaka mingi, mimi."

Redio hakujua kama hilo ni ndiyo au ni dharau. Hakuwa na nguvu ya kulipima. Aliinuka, akachukua spoki nyekundu, mkate wa Sindano ukiwa bado kwenye ncha, akautoa akautupa, akachoma mwingine. Akamnyooshea mwanamke yule mshikio, mkono wake ukivuka kizingiti.

"Ingia ule, Kamanda," alisema. "Na kama hutaki, katalia hapo hapo mlangoni. Usije ukakaa bila kula."