Ndama wa Chuoni

Baba mtu alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kwamba binti yake yuko mwaka wa mwisho, bado kidogo tu awe daktari wa mifugo. Basi asubuhi ile ng'ombe wao, huyo mmoja waliyebaki naye, alipoanza kuhangaika na uchungu, na jirani akashauri aitwe daktari wa kituoni, mzee alicheka sana. "Nimwite nani tena? Wangu si huyu hapa?"

Binti akavaa glavu ndefu, akapiga magoti bandani. Woga ulikuwepo, lakini asikwambie mtu, furaha nayo ilikuwepo. Miaka yote ile ya kukariri, na leo atashika kitu chenye joto.

Maana chuoni kwao, jamani, vitendo vilikuwa kichekesho. Darasa zima na ng'ombe mmoja wa plastiki, na tumboni mwake ndama wa mpira. Ndama mwenyewe miguu ya nyuma iling'oka zamani, na hakuna aliyejisumbua kuirudishia. Wanafunzi walipanga foleni; unaingiza mkono, unashika miguu, unatafuta kichwa, unavuta, unapigiwa makofi, aje mwingine. Na shamba la chuo? Lilikuwa kwenye tangazo tu.

Akaingiza mkono, akashika kwato mbili. "Miguu hii hapa!" Baba akamkonyeza jirani. Binti akatafuta kichwa, hakukiona. Akapeleka mkono mbele zaidi, wapi! Jasho likamtoka. Kitabu kilisema kichwa kikiwa kimegeukia nyuma, ndama asukumwe kwanza arudi ndani ili nafasi ipatikane. Ukurasa wenyewe aliuona waziwazi. Akasukuma. Ng'ombe akaguna kwa maumivu. Akasukuma tena, kwa nguvu zake zote.

"Taratibu, mwanangu," baba akasema.

"Najua, baba. Ndivyo inavyofanywa."

Akasukuma na kupapasa mpaka mkono ukafa ganzi, ndipo vidole vikagusa mkia. Lo! Ile miguu ilikuwa ya nyuma tangu mwanzo. Ndama alitakiwa avutwe haraka kabla hajakosa hewa, na yeye muda wote alikuwa akimrudisha ndani. Wakavuta wote watatu. Ndama akatoka, mzuri, kakamilika, ulimi nje, hapumui. Binti akampulizia puani, akamsugua kifua, akamsugua tena huku analia. Kisha damu ikaanza kumtoka ng'ombe, damu nyingi, na shingo yake ikalala chini.

Hapo binti akaanza kueleza. Hakuna aliyemuuliza. Akaeleza jinsi viungo vya mguu wa nyuma vinavyokunjika tofauti na vya mbele, jinsi kitovu kinavyobanwa ndama akitanguliza miguu ya nyuma, jinsi mfuko wa uzazi unavyochanika akisukumwa vibaya. Yote yalikuwa sahihi, hata mtihani angepita. Jirani alijifuta mikono akiangalia pembeni. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Kumbe umesoma kweli, mwanangu," akasema, wala hakuwa na kejeli hata chembe. "Na huyu atapona?"

"Hapana, baba."

"Haya. Niletee kisu, asizidi kuteseka."

Binti akavua glavu, akaenda jikoni, akakileta.