Jiko Chumbani kwa Mzazi

Nyumba ya Mama Sifael pale Chome haijawahi kukosa wageni, na tangu mkwewe Asteria ajifungue, ndiyo kabisa: wanawake walikalia hadi magunia ya maharage. Mzazi mwenyewe alikuwa ndani, dirisha limezibwa kwa blanketi, jiko la mkaa kando ya kitanda, maana ukungu wa mlima Shengena hauna huruma na kichanga.

Siku tatu Asteria alilalamika. "Mama, kichwa kinaniuma. Naona kizunguzungu."

Mama Sifael akalipeleka lalamiko hilo sebuleni kwa wageni. "Mabinti wa Kihurio hawa! Huyu kazoea joto la bondeni, kwenye mashamba ya mpunga. Kuzaa mmoja, kudeka kwa mapacha!" Wakacheka hadi chai ikamwagika. Neno likanoga, akalirudia hata kanisani.

Siku ya nne aliingia na uji, akamkuta Asteria hajitambui, mtoto kalegea, hata kulia halii.

Walipokimbizwa zahanati, nesi Lukia aliwawekea wote wawili oksijeni. Mtoto alipolia, wageni waliofuatana nao, wamejazana mlangoni, wakashusha pumzi.

"Mapafu yana vifuko vidogo mno," nesi akasema, "kuta zake nyembamba kuliko utando wa kitunguu. Damu inapita pale, inatua hewa chafu, inabeba oksijeni. Sasa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa isiyo na harufu. Hiyo inapenya, inakalia kiti cha oksijeni ndani ya damu, na haibanduki upesi. Kifua kinapanda, kinashuka, lakini mwili haupati kitu. Nani aliingiza jiko?"



"Wasichana wa siku hizi," Hedwiga, shoga wa siku zote wa Mama Sifael, akamsaidia mwenzake, "labda kaliingiza mwenyewe."

Uongo ulikuwa umeshaandaliwa mezani. Mama Sifael alibakiza kuitikia kwa kichwa tu. Asteria alifumbua macho, akamtazama. 

"Ni mimi," Mama Sifael akatamka, macho sakafuni. "Na dirisha nililiziba mimi. Akaniambia anaumwa, nikamfanya kichekesho chenu."

 Mmoja mmoja wageni wakaondoka.

Jioni sebule ilikuwa tupu. Mama Sifael alibandua blanketi dirishani, akalikunja, akashika njia ya zahanati kwenda kumfunika mkwewe. Kisimani walikuwapo wenzake watatu, vichwa pamoja, wakanyamaza alipokaribia. Alijua wanasema nini. Yeye ndiye aliyewafundisha kumfanya mtu kichekesho. Akawasalimu, akapita.