Ushahidi wa Plagi Nyeusi

Ngusa hakuja kutengenezewa pikipiki. Alikuja kuchukua ushahidi.

"Fundi Tele, zile plagi mbili ulizonitolea, bado unazo?"

"Ninazo. Mimi chuma situpi."

"Nipe. Na hii iliyomo nifungulie, zitimie tatu. Kesho kuna mkutano wa kijiji."

Nikaweka spana chini. Ngusa ni kijana wa Kisukuma kutoka Kasekese, mrefu, mpole, mwenye ng'ombe wengi kuliko maneno. Pikipiki yake ilikuwa imeletwa na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, imelala juu ya magunia ya mahindi kama mgonjwa wa kuhara, maana ilikuwa imezimia njiani tena.

"Plagi na mkutano wa kijiji wapi na wapi?"

"Narogwa, fundi. Kila plagi unayoweka inageuka nyeusi. Na anayeniroga ni sengi." Akaona nimetoa macho. "Shangazi yangu. Dada yake baba. Nyanzala."

Kwenye kijiwe cha bodaboda jirani na banda langu kelele zilikatika. Sote pale Kawajense tunajua mkutano wa namna hiyo unavyoisha. Bibi akiwa na bahati, anahama na kigoda chake kichwani. Akikosa bahati, nyumba inawaka yeye akiwa ndani.

Lakini siwezi kudanganya, kilichonipandisha damu kwanza ni sifa yangu. Juu ya banda nimeandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wangu mwenyewe:

Pikipiki ni mgonjwa, mimi ndiye daktari,
Ukileta imechoka, utaondoka na ari.

Sasa mteja amekuja mara ya tatu, na badala ya kusema fundi hajaweza, anasema fundi kashindwa na bibi kizee! Bora angenitukana.

Pikipiki yenyewe si ya kabureta. Kabureta kila mwenye bisibisi anajiita fundi, anazungusha skrubu mpaka moshi ukate. Hii mafuta yanapulizwa na injekta, na anayepima yapulizwe kiasi gani ni kontroli boksi, kompyuta ndogo iliyojificha chini ya siti. Hapa Mpanda mafundi wengi wakiiona wanaanza kuitafutia kabureta, kama mtu anayetafuta ndevu kwenye kuku. Mimi nimejifunza kwa video za simu, bando linaisha nikiwa nusu ya somo, kesho naendelea. Kwa hiyo nilijua nilichokuwa nafanya. Mara ya kwanza niliweka plagi mpya, hiyo inayorusha cheche ya kuwasha mafuta. Ya pili nikabadilisha plagi tena, nikalaumu petroli ya chupa anayonunua kijijini, nikamwaga tenki lote, nikaosha na kichujio cha hewa kilichojaa vumbi. Bado ikarudi.

Kabla sijamjibu, Method, kijana wa kijiwe hicho, akaingia na bodaboda yake kutoka stendi. Nyuma amembeba mama mmoja mzee, mwembamba, amejifunga kitenge cha kijani. Akashuka taratibu, mkono kwenye goti.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza.

"Marahaba. Nyie ndio mnaonipika huku?" Akamwona Ngusa. "Ee, mwanangu. Nimesikia kesho nina kesi, nikasema nije nimwone huyo ninayemroga. Ndiye huyu?" Akaipigapiga siti ya pikipiki. "Mbona amenenepa?"

Ngusa aliangalia viatu vyake.

"Nijibu kitu kimoja. Magoti yangu yananitesa, choo chenyewe naenda kwa kushika ukuta. Ningekuwa na uchawi, ningeanza na pikipiki yako au na magoti yangu?"

Vijana wa kijiwe wakacheka. Ngusa hakucheka. "Sengi, hayo yameshasemwa. Mtaalamu kasema ni mwanamke, wa upande wa baba."

"Mtaalamu gani?" nikauliza.

"Hakuna," akasema haraka.

Basi nikawaka. "Sikiliza, Ngusa. Nipe mpaka jua lizame. Nisipokuonyesha sababu kwa macho yako, chukua plagi zako tatu, na kesho nakuja Kasekese kuzishika mwenyewe mbele ya watu."

"Na banda?" Method akachokoza.

"Nafunga. Nakwenda Karema kuvua dagaa."

"Hawakutaki Karema. Utazimisha na mitumbwi."

Bibi Nyanzala akaketi juu ya tairi kuukuu. "Anza, baba. Mimi sina haraka, kesi yangu ni kesho."

Nikafungua plagi. Nyeusi kama chini ya sufuria ya msibani. Nikaipaka kidoleni, nikawaonyesha wote. Ingekuwa na unyevunyevu unaong'aa, ningesema ni oili, ringi za pistoni zimechoka. Lakini hii ilikuwa masizi makavu, laini kama unga. Masizi makavu maana yake mafuta yanapulizwa mengi kuliko yanavyoweza kuungua. Kwa hiyo swali halikuwa nani kaipaka plagi. Swali lilikuwa nani anaidanganya kontroli boksi.

Nikaweka plagi nyingine, nikawasha. Ikaunguruma kwa kukohoa, moshi mweusi, harufu ya petroli mpaka kijiweni. Nikaiacha mpaka injini ikapata moto, nikagusa, nikaunguza kidole. Bado inakohoa kama ya asubuhi ya Julai.

Hapo ndipo nikaona kwenye dashibodi kipande cha tepu nyeusi, kimebandikwa vizuri pembeni ya mita ya spidi. Nilikuwa nimekiona siku zote nikidhani kinazuia ufa. Nikakishika.

"Usiguse hapo!" Ngusa akaruka.

"Kwa nini?"

"Nimekatazwa."

"Na nani?"

Bibi akasema bila kuinua sauti, "Ngusa. Wanataka kunichomea nyumba kwa ajili ya kitu hiki. Sema."

Ngusa akaionyesha ile tepu kwa kidevu. "Ni jicho. Lilianza kuwaka la njano, halizimiki. Nikarudi kwa mtaalamu, akasema ndiyo adui anavyonitazama. Nilizibe."

Nikabandua. Taa ya njano ikatutazama.

Method akainamia karibu. "Jamani! Jicho la bibi lina umbo la injini!"

Kijiwe kizima kikaja. Nikawaambia: hii ni taa ambayo pikipiki inawasha yenyewe ikitaka kusema naumwa. Na ninyi mmemziba mgonjwa mdomo, halafu mnamuuliza anaumwa wapi.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Kwenye injini kuna sensa ya joto. Injini ikiwa ya baridi, sensa inaiambia kontroli boksi iongeze mafuta, kama unavyoongeza kuni moto ukianza. Injini ikipata moto, inaambiwa ipunguze. Nikapima sensa kwa mita ya umeme: nzima. Nikapima waya wake: umekufa. Nikaufuata kidole kwa kidole, kutoka kwenye injini, ukapita chini ya tenki, ukaingia chini ya siti. Pale nikakuta tepu ambayo si ya kiwandani. Nikaifungua, nikacheka mpaka nikashika nguzo ya banda.

"Ngusa. Nani kaichanja pikipiki chale?"

Zilikuwepo. Mikato midogo ya wembe, imepangwa ubavu kwa ubavu juu ya waya kama kwenye kifua cha mtoto, na ndani imepakwa unga mweusi. Mmoja ulikuwa umekwenda mpaka chini. Waya ulishikiliwa na ngozi yake tu. Mwanzoni ukitulia uligusana, lakini makorongo ya Kasekese yameurusharusha mpaka umeachana kabisa.

Ngusa alikaa chini, kwenye oili. "Alisema chombo kipya kinachanjwa kama mtoto, kikingwe. Ilikuwa wiki niliyoinunua."

"Na hukuniambia?"

"Masharti. Ukitaja, dawa inakufa."

"Imeshakufa, ndugu yangu, na imezikwa na plagi tatu." Nikamwinulia ule waya. "Huu ukikatika, kontroli boksi haisikii joto tena. Inaamini pikipiki iko kwenye baridi kali. Wewe uko Mpanda, jua linakaanga kichwa, yenyewe inadhani inaganda, inajipulizia mafuta tu. Masizi yanatoka wapi? Pale. Taa inawaka kwa nini? Kwa ajili ya pale. Sengi wako yuko wapi humo ndani? Nionyeshe!"

Nikaunganisha waya, nikaufunga, nikaweka plagi safi. Nikamtuma azunguke mjini, arudi. Aliporudi mlio ulikuwa mmoja, umenyooka, na ile taa ya njano imezimika. Nikafungua plagi mbele yake. Kavu, haina masizi, imeanza kushika rangi ya chai ya maziwa.

Ngusa aliigeuzageuza muda mrefu. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Kwa hiyo mtaalamu katumwa na nani?"

"Mungu wangu," Method akasema.

"Hakutumwa na mtu," nikamwambia. "Ana wembe, hajui umeme. Basi!"

Bibi Nyanzala akanyoosha mkono. "Toa simu. Mpigie mwenyekiti. Weka sauti kubwa, na hawa wasikie."

Mwenyekiti Hezron alipokea haraka. "Ngusa! Umezipata hizo plagi? Watu wameshatangaziwa. Na vijana wako tayari."

Pale kijiweni hakuna aliyecheka. Neno hilo, vijana wako tayari, lilikaa katikati yetu. Nikamwona bibi anabana pembe ya kitenge chake kwa vidole, na ndiyo mara ya kwanza nikajua kwamba muda wote ule wa matani alikuwa anaogopa.

"Mwenyekiti," Ngusa akasema, "lile suala naona tuliahirishe."

"Haliahirishwi," bibi akasema. "Sema halipo."

"Halipo, mwenyekiti. Sengi hajanifanya kitu. Ni waya."

"Waya?"

"Wa pikipiki. Ulikatwa."

"Ulikatwa na nani?"

Ngusa alitutazama mmoja mmoja kama anayetafuta wa kumwazima jibu. Hakuna aliyempa.

"Na mganga wangu," akasema. "Nilimpelekea mwenyewe."

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Kesho uje uyaseme hivyohivyo mbele ya watu, kwa mdomo wako. Maana jina la shangazi yako ulilitaja mbele ya watu."

"Nitasema."

"Na mimi nitakuwepo," bibi akaingilia. "Mniwekee kiti cha mbele. Chenye mgongo."

Ngusa akakata simu. Akataka kumwomba bibi radhi, bibi akampungia mkono kwamba hayo watayamaliza nyumbani. Method akamshika bibi kiwiko, akampandisha nyuma ya pikipiki ya Ngusa. Bibi akajiweka sawa, akakaza kitenge, akamgonga mpwa wake mgongoni.

"Ukifika Kasekese usipite njia ya nyuma. Pita katikati, kwenye maduka, kwa wote. Taratibu. Na upige honi."

Ngusa akaipiga hapohapo Kawajense, kabla hata hawajaingia barabarani.